Jando hili hukumpeleka wewe

Shikamoo Bi Mkubwa,

Nakuandikia kutoka Masasi. Ni mwanamume wa miaka 56, mkulima wa korosho, na mkono wangu umezoea jembe na bomba la salfa kuliko kalamu. Kwa hiyo mimi nasema, binti yangu anachapa. Akichomeka lake, usilijibu.

Nina mpwa, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja. Unatujua Wamakua: mtoto wa dada ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Jandoni nilimpeleka mimi. Sare ya sekondari nilinunua mimi. Wazazi wake walipoachana hakuna aliyeuliza mtoto atalala wapi. Alilala kwa mama yangu mzazi, bibi yake, nyumba ambayo nikikohoa kwangu inasikika.

Alipomaliza kidato cha sita akaenda chuo Dar es Salaam. Huko akakutana na wale vijana wa mashati meupe wanaotembea wawili wawili, akaingia kanisa lao. Watu huwaita Wamormoni. Wenyewe hujiita Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Sisi ni Waanglikana tangu babu wa babu. Nilinuna, nikanyamaza, nikasema ujana una mengi, utapita. Kumbe ndiyo kwanza. Februari akaja nyumbani na habari kwamba ameitwa kwenda kuhubiri Ghana, mji unaoitwa Kumasi, miaka miwili. Hakuja kuomba ruhusa. Tiketi ilishakatwa. Mama yake alijua tangu Desemba. Mimi niliambiwa zikiwa zimebaki siku nne.

Asubuhi ya safari bibi yake alimwekea chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, kama alivyomwekea tangu ana miaka sita. Kijana akasema mbele za watu, "Bibi, mimi chai sinywi tena, ni dhambi." Akala mihogo kwa maji. Bi Mkubwa, mama yangu alikichukua kile kikombe bila neno, akatoka nacho, akaimwaga chai kwenye mchanga nyuma ya jiko. Hawakuonana tena.

Mwishoni mwa Agosti mama alifariki. Kijana alipigiwa simu, akalia, tulimsikia sote. Lakini hakuja. Maziko hakuja, kuanua matanga hakuja, na amemwambia mama yake kuwa hata arobaini haji, anaendelea na kazi yake. Kazi gani hiyo ambayo mtu hawezi kuomba ruhusa akaja kumlilia bibi aliyemlea?

Kila Jumatatu anampigia mama yake kwa video. Nimechungulia mara mbili. Amekonda. Pembeni yake yupo kijana mwingine, habanduki, kama askari na mahabusu. Kifuani amevaa kibao cheusi kimeandikwa Kiingereza. Binti yangu akanisomea: "Mzee", halafu jina la ukoo wetu. Mzee! Mtoto wa miaka 21 hana hata ndevu za kushika. Na hapa mtaani wanasema watu hao wanalipwa kwa dola. Mbona rambirambi hatukuiona?

Swali langu ni hili. Mama aliacha neno kwamba mikorosho 18 iliyo nyuma ya nyumba yake ni ya huyu kijana. Arobaini ni wiki tatu zijazo, ukoo wote utakuwepo. Nimekusudia kusimama niseme mikorosho hiyo apewe mtoto wa mdogo wetu wa kike, ambaye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea bibi yake. Huyu mwingine akirudi, aende kwa hao aliowachagua. Dada yangu hali wala halali. Je, nakosea?

Mjomba, Masasi

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa msiba wa mama. Na binti yako mpe salamu. Kama kuna alichochomeka, amechomeka kwa adabu.

Nianze na kikombe, maana naona umekiandika kwa uchungu kuliko hata kaburi.

Kabla sijarudi kwetu Mikindani, nilikaa Dar es Salaam, na vyumba vya uani nilivipangisha kwa vijana hao hao wa mashati meupe, karibu miaka minne. Hawakuwa wale wale. Kwao uhamisho hupangwa kila baada ya wiki sita; mara huyu anaondoka, mara yule anabaki anapokea mgeni. Wamepita kwangu Wamarekani, Wakenya, Waganda, na Mghana mmoja ambaye nitamrudia. Mimi ni Mwislamu, niliwapokea na swala zangu na nikaagana nao nikiwa nazo, lakini kuta za uani ni nyembamba na mwenye nyumba husikia mengi. Siku ya kwanza niliwapelekea vitumbua na birika la chai ya maziwa yenye iliki. Vitumbua vilikwisha. Birika lilirudi limejaa kama lilivyokwenda, na kijana mwekundu kama nyanya akaniambia, "Asante mama, sisi hatukunywi chai." Hatukunywi! Nilinuna wiki nzima, na sikujua kilichoniudhi ni chai au ni Kiswahili.

Mwenzake Mkenya ndiye aliyekuja kuniweka sawa. Katazo lao ni la mwaka 1833, la mwanzilishi wao Joseph Smith huko Marekani: pombe, tumbaku, kahawa na chai. Chai yenyewe, ile ya majani ya chai. Mchaichai hawaukatai. Tangawizi hawaikatai. Maji ya moto na limau walikuwa wanakunywa mpaka wananimalizia malimau. Tangu hapo nikawa nachemsha mchaichai, na birika likawa linarudi tupu.

Kwa hiyo mpwa wako angeweza kusema, "Bibi, leo nichemshie mchaichai." Bibi angetoka na kisu, akaukata hapo hapo nje, na safari ingeanza kwa baraka. Hakusema hivyo. Alitamka dhambi mbele za watu, kwa kikongwe aliyemlea, asubuhi ya kuagana. Amekosa, na simtetei. Lakini sidhani kanisa lake lilimtuma aseme vile. Mtu aliyeingia dini juzi huadhini kwa sauti kubwa kuliko muadhini, na wewe katika umri wako umeshawaona wa kila dini.

Hilo la askari na mahabusu, futa. Fungua Biblia yako, Marko sura ya 6, mstari wa 7: Yesu aliwatuma wanafunzi wawili wawili. Hawa wamelishika kama lilivyo. Kila mmoja ana mwenza, wanalala chumba kimoja, wanatoka pamoja, wanarudi pamoja, na hata akipiga simu kwao mwenza yupo karibu. Hawachaguani. Wangu wawili hawakupatana hata kidogo, mmoja anapenda usafi na mwingine soksi zake unazikuta kwenye mchele, na bado wakakaa wiki kumi na mbili bila kuachana hata kwenda dukani. Niliwahurumia kama wake wenza.

Siku yao inaanza saa 12:30 asubuhi. Wangu walikuwa wanaruka kamba uani mpaka kuku wanakimbia. Kisha kifungua kinywa, sala, kusoma maandiko, kusoma lugha. Baada ya hapo wanatoka, na kutoka kwao ni kutembea: nyumba hii wanakaribishwa, ile wanafungiwa geti, ya tatu wanaachiwa mbwa. Usiku saa 3 hivi wamerudi, saa 4:30 taa imezimwa. Filamu hawaangalii, mchumba hawana habari naye mpaka wamalize, na hata kuogelea baharini ni marufuku. Niliwahi kuwapeleka ufukweni sikukuu moja wakasimama mchangani na viatu vyao vyeusi kama wasimamizi wa mtihani. Ndiyo maana amekonda. Mwambie dada yako asihangaike. Wa kwangu wote walikonda miezi ya mwanzo, kisha chipsi mayai zikawarudisha. Huko Ghana kuna fufu ya muhogo na ndizi, na mtu aliyekulia ugali wa muhogo hatashindwa nayo. Pilipili yao tu ndiyo itamtoa machozi.

Mshahara hakuna. Mtaa umekudanganya. Wanajitolea, na gharama wanachangia wao na familia zao. Marekani kila mmoja huchangia dola 400 kwa mwezi tangu 2020. Anayetoka kwetu huku hutoa kwa uwezo wake, na pengo hujazwa na michango ya waumini wengine. Anachopewa mkononi ni cha chakula na nauli. Rambirambi angeitoa wapi? Na ukikaa na dada yako, muulize kwa upole kama msimu uliopita hakuna gunia la korosho lililokwenda kwenye safari hiyo bila wewe kujua. Usigombe akikuambia lipo.

Sasa msiba. Nitakujibu kama nilivyoona. Mpwa wako hafungwi. Kiongozi wake huko anaitwa rais wa misheni, na kijana akimwendea akasema nataka kurudi nyumbani, anarudi. Wengine hurudi, kwa ugonjwa, kwa misiba, au kwa kuchoka tu. Wengi huchagua kubaki. Kwa hiyo usimlaumu rais wala kanisa kwa hilo. Ni yeye aliyebaki. Ila na wewe hesabu. Mama mlimzika lini? Kama ni kesho yake, kama tunavyofanya huku kwetu, kijana aliyeko Kumasi angefika vipi? Kumasi hadi Accra ni safari, Accra hadi Dar es Salaam ni ndege, na Dar es Salaam hadi Masasi kupitia Lindi unaijua mwenyewe, basi likitoka alfajiri linakushusha umekunjika. Hilo la maziko nakuomba umwondolee. Matanga na arobaini ndipo mna la kuzungumza.

Niliwahi kuona mmoja akifiwa. Mmarekani, miaka 19, babu yake alikuwa ndiye aliyemlea kama wako alivyolelewa na bibi. Enzi hizo walikuwa hawapigi simu nyumbani ila Krismasi na Siku ya Akina Mama. Ruhusa ya kila wiki imekuja Februari 2019. Ilikuwa Jumatatu, siku yao ya kufua na kununua mahitaji. Nilitoka nje nikamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shati moja mikononi, analisugua kola. Nikaingia ndani, nikachambua mchele, nikatoka. Analisugua lile lile. Kola ilikuwa imeanza kuchanika. Mwenza wake amesimama kwenye kamba, ameshika vibanio, hasogei na hasemi. Nikamuuliza, mwanangu, mbona huendi kwenu? Akaniambia mama yake ndiye aliyesema abaki amalize.

Nimelikumbuka hilo niliposoma barua yako, ndiyo maana nakuuliza: siku ile ya simu ya msiba, dada yako alimwambia nini mtoto? Njoo, au usije? Hukuandika. Huenda hujui. Huenda alimwambia asije, kwa sababu ya nauli, au kwa sababu alikuogopa wewe utakavyompokea. Mtu aliyekuficha jambo kutoka Desemba hadi Februari hakukuficha kwa dharau, mdogo wangu. Alikuficha kwa hofu.

Na hapo ndipo penye barua yako hasa. Umeandika mambo mengi, chai, dola, kibao cha kifuani, lakini sentensi iliyonisimamisha ni fupi: "Jandoni nilimpeleka mimi." Ulipompeleka, mama yake alimwona? Alikula alichotaka? Alitoka na jina lile lile aliloingia nalo? Huku kwetu kusini mtoto akitoka jandoni hupewa jina jipya, na ole wake atakayemwita kwa lile la utotoni. Hukumwona mtu akilia kwamba amepotea, kwa sababu alipelekwa na mwenye haki ya kumpeleka. Sasa kijana ameingia jando jingine, la miaka miwili, lina masharti yake ya chakula, lina wenzake, lina jina lake la Mzee, na wewe mpelekaji ukaambiwa siku nne kabla kama jirani. Mimi ningekuwa wewe, ningeumia hivyo hivyo. Lakini ningejua kinachouma ni nini, nisiende kukitafutia dawa kwenye mikorosho.

Umesema ninyi ni Waanglikana tangu babu wa babu. Basi unajua Masasi iliingiaje dini. Wamisionari wa Kiingereza walifika hapo 1876 na watumwa waliokombolewa. Miongoni mwa waliowafuata muda mfupi baadaye alikuwa Chauncy Maples, aliyezaliwa 1852. Piga hesabu ujue alikuwa kijana wa umri gani alipokuja kuzunguka Masasi na Newala. Alizama Ziwa Nyasa 1895, na kwao Uingereza hawakumzika. Na Vincent Lucas, askofu wenu wa kwanza tangu 1926, ndiye anayekumbukwa kwa kuliingiza jando kanisani badala ya kulipiga marufuku. Sikwambii uwapende Wamormoni. Nakwambia tu kuwa babu wa babu yako naye alikuwa na mjomba wake, na siku alipobatizwa sijui huyo mjomba alisema nini.

Mikorosho si yako kumpa mtu. Mama alitamka, na neno la marehemu halifutwi mbele ya watu waliokuja kumwombea. Lakini miti 18 haijitunzi. Salfa mwaka huu umepuliza wewe, palizi umefanya wewe, na korosho zinaanza kudondoka Oktoba hii. Nunua daftari. Andika gharama zako, zitoe kwanza. Huyo mtoto aliyeingia kaburini mpe mavuno ya msimu huu, aokote, apeleke chama cha msingi, fedha ya mnada iwe yake. Amestahili, na utaeleza kuwa ni shukrani ya ukoo. Umpe mavuno, usimpe miti. Msimu ujao hesabu ifanyike na salio liwekwe. Kijana aliondoka Machi na muda wao ni miezi 24, kwa hiyo akirudi utakuwa umevuna misimu miwili, na utamkabidhi daftari. Siku hiyo ukitaka kumgombeza, utamgombeza ukiwa na daftari mkononi. Hapo atasikia.

Na arobaini asiikose kabisa. Akiomba kwa rais wake siku moja apige simu nje ya Jumatatu kwa ajili ya bibi yake, sioni kwa nini anyimwe, lakini msiitegemee hiyo. Jumatatu ya kabla yake, arekodi maneno yake kwenye WhatsApp, dakika mbili au tatu, amlilie bibi kwa Kimakua, na lile la kikombe alitaje yeye mwenyewe mbele ya hao hao waliolisikia. Mtayaweka maneno hayo kwenye spika. Usimwandikie la kusema. Mwambie tu, "Pale ulipomjibu bibi kuhusu chai, palikuwa na watu." Ana akili, ataelewa.

Jumatatu hii kaa na dada yako kabla simu haijaingia. Ghana wako nyuma yetu saa tatu. Siku yao ya mapumziko huisha saa 12 jioni ya kwao, na hiyo ni saa 3 usiku Masasi, kwa hiyo usiende kulala mapema kama kawaida yako. Yule mwenza akitokea pembeni, msalimie. Naye ana mjomba mahali.

Nilisema nitamrudia yule Mghana. Alikuwa wa Kumasi hasa. Aliniambia kwao Jumamosi ni siku ya misiba, mji mzima unavaa nyeusi na nyekundu, na marehemu anaweza kusubiri wiki nyingi kabla ya kuzikwa. Alishangaa sana kuona sisi tunazika kesho yake. Basi mpwa wako, tangu Agosti, kila Jumamosi anapita na shati lake jeupe katikati ya watu waliovaa msiba, anabisha hodi kwa wafiwa.

Simu ikiingia, chai iache, mikorosho iache. Muulize wanazikaje huko.